Namna Baba Yangu Alivyochaguliwa Naibu Gavana

Kwanza nitangulize shukrani. Namshukuru Mheshimiwa Gavana Mpendwa kwa kuniruhusu kuwa hai mpaka leo asubuhi. Namshukuru Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi. Nawashukuru pia askari wawili wanaokaa mlangoni mwangu kwa ajili ya usalama wangu, ingawa bunduki zao wamezielekeza ndani. Jina la jimbo letu sitalitaja, kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali, na kibali changu bado kinashughulikiwa.

Itoshe kusema kwamba ni jimbo zuri, lenye amani kubwa. Amani yetu unaweza hata kuisikia. Simama sokoni saa tano asubuhi, watu mia tatu wakiwa wananunua ndizi, na utasikia nzi.

Mimi ni Zuberi Mbaruku, karani wa daraja la tatu katika Tume ya Uchaguzi, Kitengo cha Mifano. Nimeombwa kuandika taarifa kuhusu uchaguzi wa Naibu Gavana uliofanyika mwaka wa kumi na tisa wa Utulivu, uchaguzi wa kwanza katika historia yetu. Nitaeleza mambo kama yalivyotokea. Mkono ukitetemeka mahali fulani msomaji anisamehe, ndivyo unavyoandika siku hizi.

*

Zamani manaibu waliteuliwa na Gavana mwenyewe. Tulikuwa nao watatu. Wa kwanza aliteleza bafuni. Wa pili aliteleza bafuni. Wa tatu alikuwa mtu wa shamba, nyumbani kwake hapakuwa na bafu, ikabidi serikali imjengee.

Hatimaye wakubwa wa makao makuu ya nchi wakatuandikia barua. Waliuliza kwa nini jimbo letu halijapiga kura hata siku moja, wakasema watamtuma mwangalizi. Gavana aliisoma barua ile redioni kwa sauti ya upole. "Wananchi wangu," alisema, "wanataka mchague mtu. Mimi hamwezi kunichagua, kwa sababu tayari nipo. Basi chagueni naibu. Atakayeshinda ndiye mshindi, na mwenye kubisha aje abishane na mimi." Alicheka kidogo, na jimbo zima likacheka kidogo.

Siku hiyo hiyo tukatangaziwa wagombea. Wa kwanza alikuwa Bwana Pantaleo Ngwabi, shemeji yake Gavana, mtu mnene mwenye jasho jingi. Alipopewa habari hizo aliomba kwanza aonyeshwe bafu la ofisi. Wa pili alikuwa daktari wa mifugo aliyestaafu, ambaye alipelekewa barua ya kuteuliwa kuwa mpinzani. Alilia siku tatu, kisha akazunguka jimbo zima akiwasihi watu wamchague Bwana Pantaleo.

Hapa lazima nieleze jambo moja kuhusu watu wetu, la sivyo mgeni hataelewa yaliyofuata. Watu wetu wanaogopa fomu. Kila fomu ya serikali huja na karatasi ya mfano iliyokwisha kujazwa. Hubandikwa ukutani, na juu yake huandikwa kwa wino mwekundu: JAZA KAMA MFANO UNAVYOONYESHA. Anayekosea hushtakiwa kwa hujuma. Jirani yetu mmoja aliandika mwezi kwenye kisanduku cha siku, na tangu hapo hatujamwona.

Kwa hiyo watu wakajifunza. Katika sensa iliyopita karatasi ya mfano ilisema: mwanamume, seremala, miaka thelathini na minne, mbuzi wawili. Hesabu ilipofungwa ikaonekana kwamba jimbo letu halina hata mwanamke mmoja. Sote ni maseremala wa umri mmoja, na kwa pamoja tuna mbuzi zaidi ya laki moja na elfu sitini. Gavana alifurahi sana. Alisema hajapata kuona umoja wa namna hiyo duniani, akaagiza misumari.

Ile mifano naitengeneza mimi. Ndiyo kazi yangu, nimeifanya miaka tisa.

*

Mwenyekiti wetu wa Tume anaitwa Gerevazi Mkumbwa. Ni mtu msomi, mwenye shinikizo la damu, na kila simu inapolia humeza kidonge kabla hajaipokea. Yeye ndiye aliyeamua kwamba karatasi ya kura isiwe na majina. Mpinzani alikataa katakata jina lake litangulie lile la shemeji yake Gavana, na Bwana Pantaleo hakutaka kulitanguliza lake, asije akaonekana ana haraka ya madaraka. Basi karatasi ikachapishwa na mstari mmoja mtupu, kila mpiga kura aandike jina la amtakaye.

"Zuberi, mfano uko wapi?" Mwenyekiti aliniuliza wiki mbili kabla ya siku yenyewe.

"Bado, Mwenyekiti. Sijui niandike jina la nani. La Bwana Pantaleo?"

"Unataka kuniua? Mwangalizi akikuta jina la mgombea ukutani atasema tunapiga kampeni ndani ya kituo. Ataandika. Gavana atasoma."

"Basi la mpinzani?"

Mwenyekiti alishika kifua, nikamletea maji. Alipopata nguvu alisema, "Andika jina la mtu asiyekuwepo. Na uniletee uthibitisho kwamba hayupo."

Nilihangaika siku nne. Nilitunga jina la kwanza nikalipeleka ofisi ya usajili, wakaniambia wapo watatu wenye jina hilo. Nikatunga la pili, akapatikana mmoja kijijini, na askari wakaenda kumchukua kwa tahadhari, kwa kuwa jina lake lilikuwa limeulizwa na serikali. Baada ya hapo niliogopa kutunga. Kila jina lililonijia kichwani niliona mtu anatolewa nyumbani kwake bila viatu.

Ndipo nikakumbuka kwamba nyumbani tulikuwa na karatasi inayothibitisha kuwa mtu fulani hayupo. Ilikuwa ndani ya sanduku la Mama, chini ya kanga, na ilikuwa na muhuri. Kilikuwa cheti cha kifo cha baba yangu, Mbaruku Semkiwa, fundi wa kurekebisha mizani za sokoni, aliyefariki kwa ugonjwa wa kifua miaka sita iliyopita. Nilikichukua bila kumwambia Mama. Nilijiambia kwamba Baba asingechukia. Enzi za uhai wake hakuna hata siku moja jina lake liliandikwa mahali pa heshima.

Nikaandika mfano kwa mkono wangu mwenyewe: Mbaruku Semkiwa. Nilipofika mwisho tone la wino lilidondoka pembeni. Nilitaka kuandika upya, ila karatasi za mifano hutolewa kwa namba, moja tu. Mwenyekiti akaitazama, akaambatisha cheti, akagonga muhuri, na nakala mia mbili zikachapishwa pamoja na doa lake.

*

Siku ya kura nilipangwa kituo namba nne, kwenye shule ya msingi. Karani wa kituo haruhusiwi kumshauri mpiga kura neno lolote isipokuwa matatu: "Fanya kama mfano." Nilianza kuyasema saa moja asubuhi.

Watu walikuja wamevaa nguo za kuzikia, kwa sababu hawakujua ni nguo gani zinafaa. Walisimama mstari mmoja, kimya. Kila mmoja alifika mezani, akainua macho ukutani, akatazama chini, akainua tena, akaandika polepole huku ulimi ukionekana pembeni mwa mdomo. Mimi sikuwa na wasiwasi wowote mpaka alipofika bibi mmoja aliyeandika kwa muda mrefu kuliko wengine, kisha akaniita kwa kidole.

"Mwanangu," alininong'oneza, "na hili doa nalo niweke?"

Nilimtazama. Nikatazama karatasi yake. Lilikuwa jina la baba yangu, limeandikwa kwa mwandiko wangu, hata ule mkia ninaoupenda kuuweka kwenye herufi ya mwisho alikuwa ameuweka. Nilitaka kumwambia, bibi, andika jina la unayemtaka. Lakini askari alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, na maneno niliyoruhusiwa yalikuwa matatu.

"Fanya kama mfano, bibi."

Akainamisha kalamu, akasubiri kwa subira mpaka tone likadondoka.

Saa nne akaja Bwana Pantaleo mwenyewe na walinzi wake. Alisimama mbele ya ukuta kwa dakika nyingi, jasho likimtiririka mpaka kwenye kola. Nikasema moyoni, huyu atajiandika mwenyewe, mtu hawezi kulisahau jina lake. Akaandika. Akadondosha tone. Akanigeuzia karatasi kidogo ili nione, macho yake yakiwa yametoka.

"Nimepatia?"

"Fanya kama mfano, Mheshimiwa."

"Ndivyo nilivyofanya," alisema, akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyeokoka, akaitumbukiza kwenye sanduku.

Mwangalizi kutoka makao makuu alifika baadaye, akanywa chai, akaandika kwenye daftari lake kwamba hajapata kuona wapiga kura wenye mwandiko mzuri namna ile.

*

Saa tisa alasiri Mwenyekiti aliniita ofisini kwake. Kura zote zilikuwa zimehesabiwa. Mbaruku Semkiwa alikuwa na kura elfu themanini na moja mia nne na sita. Bwana Pantaleo alikuwa na kura moja, iliyopigwa na mpinzani wake.

"Zuberi," alisema Mwenyekiti kwa sauti ya chini kabisa, "huyu Semkiwa ni nani?"

"Ni yule mtu asiyekuwepo, Mwenyekiti."

"Mimi natakiwa uwanjani baada ya nusu saa. Gavana yuko pale. Redio iko pale. Cheti cha mshindi kimeshasainiwa, bado jina tu. Unaniambia nikamwambie Gavana kwamba wananchi wake wote, na shemeji yake, wamemchagua mtu asiyekuwepo?"

"Tungeweza kusema uchaguzi umeharibika."

"Gavana alisema atakayeshinda ndiye mshindi. Uchaguzi ukiharibika, amekosea Gavana. Wewe utakwenda kumwambia?"

Mwenyekiti alifungua faili, akatoa cheti cha kifo cha baba yangu, akakisoma mara mbili, akakikunja mara nne. Halafu akakitia mdomoni. Alitafuna kwa taabu, karatasi zile ni nene, akashushia na chai yake mpaka kikombe kikaisha. Alipomaliza alijifuta midomo.

"Sasa," alisema, "yupo."

*

Uwanjani jina liliposomwa kwenye kipaza sauti, umati haukujua la kufanya. Maelfu ya watu waligeuza vichwa huku na huku kumtafuta wa kumwiga. Bendi ndiyo iliyowaokoa. Mpiga ngoma alipigwa kumbo na mwenzake, ngoma ikalia, na hapo watu wakashangilia kwa machozi.

"Hongera zake," alisema Gavana. "Yuko wapi?"

Mwenyekiti alimeza kidonge. "Anakuja, Mheshimiwa."

Nilikuwa nyuma yake na nilisikia kwa masikio yangu. Tangu neno lile lilipotoka, baba yangu hakuweza tena kuwa maiti. Kama hakuwa anakuja, basi Gavana amedanganywa mbele ya watu, na katika jimbo letu Gavana hajawahi kudanganywa na mtu aliyeishi kusimulia.

Baadaye Mwenyekiti aliniambia kwamba Gavana alimuuliza maswali matatu kuhusu naibu wake mpya. Je, ana marafiki jeshini? Hapana, Mheshimiwa. Je, anapenda kuhutubia? Hapana, Mheshimiwa. Je, ana haraka ya maisha? Hana kabisa, Mheshimiwa. Gavana aliegemea kiti chake, akafumba macho, akasema kwamba naibu wa namna hiyo amemtafuta miaka kumi na tisa.

Bwana Pantaleo alikuwa wa kwanza kutoa pongezi. Alisema amemfahamu Mheshimiwa Semkiwa tangu utotoni na kwamba walicheza pamoja. Gavana akamshika mkono wa pole, akamwambia aende nyumbani akaoge apumzike. Tulimzika Jumatano.

*

Sasa nifike kwa Mama, maana yote haya nimeyaandika kwa ajili yake.

Mama yangu, Bi Tunu, ni mwanamke mfupi anayesuka mikeka. Hana makuu. Ana tatizo moja tu: ukimuuliza kitu, anakujibu. Nimekulia kwenye nyumba hiyo nikimziba mdomo kwa macho kila mgeni anapoingia. Watu wa jimbo letu wanajua kwamba swali ni adabu tu. Yeye huona mtu akiuliza ana haja ya kujua.

Asubuhi ya pili Afande Chilumba, mkuu wa askari wa Gavana, alikuja na magari matatu. Mama alikuwa kibarazani akisuka ukili wa mkeka wake.

"Shikamoo Mama. Tumekuja kumchukua Mheshimiwa."

"Marahaba. Mheshimiwa gani?"

"Mumeo, Mama. Mheshimiwa Naibu Gavana Mbaruku Semkiwa."

"Mmechelewa miaka sita, baba. Amekufa huyo."

Afande alicheka kwa nguvu sana, akaangalia nyuma kuona kama askari wake wamesikia. Wote walikuwa wakitazama mawingu.

"Mama ni mcheshi," alisema Afande, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Mwambie Mzee tutamsubiri."

Wakashusha kiti kikubwa cha ngozi wakakiweka sebuleni. Wakashusha suti nyeusi wakakivalisha kiti. Walinzi wawili wakawekwa kulilinda koti. Saa sita akaja daktari wa serikali kumpima Naibu Gavana, kama katiba inavyotaka. Alipiga magoti mbele ya kiti, akafunga kipimo kwenye mkono wa suti, akakijaza upepo, akasikiliza kwa makini. Kalamu ilimponyoka mara mbili. Aliandika kwamba moyo umetulia sana.

Jioni wakaja majirani. Watu waliobeba jeneza la baba yangu, waliomwaga udongo kwa mikono yao, walikuja mmoja mmoja kutoa pongezi. Mzee aliyechimba kaburi alinishika mkono kwa mikono miwili, mikono ya baridi, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa walinzi, "Nilimwona juzi tu, alikuwa na afya njema!" Kisha akainama sikioni mwangu. "Mwambie mama yako anyamaze, Zuberi. Tuna watoto."

Walipoondoka niliingia chumbani kwa Mama, nikakaa sakafuni.

"Mama, keshokutwa ataapishwa. Mke ndiye anayemvisha mshipi wa madaraka. Watakuita mbele za watu."

"Nimvishe nani?"

"Suti."

Aliendelea kusuka.

"Mama, nakuomba. Watakuuliza kama yuko hai. Sema yuko hai. Neno moja tu, halafu turudi nyumbani."

"Zuberi, baba yako nilimfunga taya kwa kanga yangu mwenyewe. Nilimfumba macho. La kushoto lilikataa, nikalishikilia kwa kidole mpaka likakubali. Unataka niende kusema sikufanya?"

"Nataka uishi."

"Nami nikisema yuko hai, kesho nikitaka kumsomea dua nitaisomea wapi? Nitakwenda kaburini kwa nani?"

Nililia. Sioni haya kuandika hivyo. Nililia kwa sababu nilikuwa naogopa, na kwa sababu nilijua kwamba ni mimi niliyefungua sanduku lake. Nikamweleza yote, cheti, mfano, doa. Nilitarajia anipige. Aliniwekea mkono kichwani, akaniuliza kama nimekula.

*

Sherehe ilianza saa nne asubuhi, jua kali. Kiti kiliwekwa jukwaani, suti ikiwa imepigwa pasi upya, na viatu vyeusi vimepangwa chini yake. Gavana aliketi kushoto. Jaji Mkuu alisoma kiapo mstari kwa mstari, na baada ya kila mstari alinyamaza kwa heshima kuiacha suti iitikie. Alipofika mwisho alitangaza kwamba Naibu Gavana ameapa kwa sauti thabiti. Makofi yakapigwa. Mwangalizi alipiga picha.

Gavana naye alihutubia. Alisema katika maisha yake hajakutana na kiongozi mwenye nidhamu kama huyu, asiyekatiza wenzake wanapozungumza, asiyejilimbikizia mali, asiye na tamaa hata ya kupumua hewa ya wengine. Aliwataka vijana wote waige.

Kisha wakamwita Mama.

Alipanda ngazi akiwa na kanga zake za kawaida. Akapewa mshipi wa rangi ya dhahabu. Alisimama mbele ya kiti, akaitazama suti kuanzia kola mpaka viatu. Mimi nilikuwa chini ya jukwaa na makarani wengine. Nilimwomba Mungu amfanye bubu kwa dakika tano tu.

"Mama," alisema Gavana kwa upole, "mvishe mumeo."

"Mume wangu hayupo hapa, Mheshimiwa. Amekufa. Nilimzika mwezi wa Rajabu, miaka sita iliyopita."

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Maneno yalikwenda mpaka mwisho wa uwanja yakarudi. Hakuna aliyekohoa. Mtoto mmoja alianza kulia na mama yake akamziba mdomo kwa kiganja.

Gavana hakukasirika. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alitikisa kichwa kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. "Kama amekufa, Mama, kuna cheti. Kiko wapi?"

"Kilikuwa kwenye sanduku langu."

Mwenyekiti wa Tume alishika tumbo.

"Basi kuna waliomzika," aliendelea Gavana. Akawageukia watu. "Waliomzika Mheshimiwa Semkiwa wasimame, tafadhali, niwaone."

Niliwaona majirani zetu kwenye safu ya tatu, wamekaa wamebanana. Mzee aliyechimba kaburi alikuwa akitazama viganja vyake. Hakusimama mtu. Mama aliwatazama mmoja mmoja, bila hasira, nao mmoja mmoja wakainamisha vichwa.

"Kuna mtoto wake," alisema Gavana. "Ni karani wetu. Karani, njoo."

Sikumbuki kupanda ngazi. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa juu, na kwamba Gavana alikuwa na harufu ya sabuni nzuri.

"Zuberi Mbaruku. Wewe ni mtumishi mwaminifu wa miaka tisa. Baba yako yuko hai au amekufa?"

Mama alinigeukia. Nilitaka aonekane ananisihi, au ananionya, niwe na kisingizio. Alikuwa akisubiri jibu tu. Mtu alikuwa ameuliza, na yeye alitaka kujua nitasema nini. Nilifikiria lile jicho la kushoto na kidole chake. Nilifikiria pia bafu, na magari, na milango inayofungwa kwa nje. Nikaona Afande Chilumba anahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

"Yuko hai, Mheshimiwa."

Uwanja mzima ukapumua. Bendi ikaanza, ikanyamazishwa kwa ishara.

"Basi huyu mama," alisema Gavana taratibu, "amemzushia kifo Naibu Gavana mbele ya umma." Alionekana kuhuzunika kweli. Afande akapanda, akamshika Mama kiwiko kwa adabu, kama unavyomshika mkwe.

Mama hakujivuta. Aliukunja ule mshipi vizuri, akauweka juu ya mkono wa kiti, akajifunga kanga upya. Kisha akanitazama na kusema kwa sauti yake ya kila siku, ile aliyokuwa akinituma nayo dukani:

"Haya, mwanangu. Kama yuko hai, mwambie aje anichukue."

Wakaondoka naye kwa mlango wa nyuma.

Hayo yalitokea mwezi wa tatu, na sasa ni mwezi wa kumi na moja. Mimi nimepandishwa cheo, ni Katibu Muhtasi wa Naibu Gavana, na ofisi yangu iko mlango unaofuata na wake. Kila Ijumaa naandika barua ya heshima kumkumbusha ombi la mke wake. Naipokea mwenyewe, naisajili, naigonga muhuri, nabisha hodi, naingia, naiweka juu ya meza mbele ya suti. Zimefika thelathini na nne. Nasikitika kuarifu kwamba mpaka leo hajaenda kumchukua.